Darasa Mkononi, Gharama Begani: TEHAMA na Elimu ya Juu katika Nyanda za Juu za Kigoma



Mada ya leo ni teknolojia ya habari na mawasiliano, yaani TEHAMA, na jinsi inavyobadili ufundishaji na ujifunzaji katika elimu ya juu. Mengi yaliyoandikwa juu ya mada hii yameandikwa na watu wanaokaa jirani na maktaba, wenye umeme usiokatika na mtandao usiopimwa kwa bando. Mhadhara huu unaitazama kutoka Muyama, Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, maeneo ambayo tangu mwaka 2012 yamegawanywa pia katika wilaya za Buhigwe na Kakonko. Linalokusudiwa kuonyeshwa ni kwamba TEHAMA imefupisha umbali kati ya mwanafunzi na chuo, lakini gharama ya umbali huo haikuondoka. Ilikuwa ya chuo, sasa imekuwa ya mwanafunzi. Ufundishaji mzuri katika mazingira haya ni ule unaokirudishia chuo sehemu ya mzigo huo.

1. Elimu ya mbali ni kongwe kuliko kompyuta

Wapo wanaodhani kwamba kusoma bila kukaa mbele ya mwalimu kumeletwa na intaneti. Historia ya Tanzania inasema vingine. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa njia ya redio. Vijijini watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza kipindi pamoja, kisha kiongozi wa kikundi akafungua kijitabu na mjadala ukaanza. Walioshiriki walikuwa watu wapatao milioni mbili. Kipindi kilipokwisha, majembe yalitoka na vyoo vikachimbwa.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaleta mtihani mkubwa zaidi. Taifa liliamua kuwapa watoto wote elimu ya msingi, na walimu hawakuwepo. Kuanzia mwaka 1976 makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu wakiwa hukohuko vijijini, wakifundisha na kujifunza kwa wakati mmoja. Masomo yaliwafikia kwa posta na kwa redio, na waratibu elimu kata waliwasimamia. Bila shaka ukumbini humu wapo waliovuka miaka hamsini ambao herufi yao ya kwanza waliandikishwa na mwalimu wa namna hiyo.

Katika mipango yote miwili chombo hakikuachwa peke yake. Redio ilileta sauti, kijitabu kikabaki mkononi, kikundi kikajadili, na palikuwepo mtu wa karibu wa kuulizwa. Mpangilio huo ndio Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliourithi. Kilianzishwa kwa Sheria Namba 17 ya mwaka 1992 na kuzinduliwa rasmi Januari 1994, kikafungua vituo mikoani, kikawapa wanafunzi vitabu vya masomo vilivyochapwa, na kuwaita kituoni kwa mihadhara ya ana kwa ana na mitihani. Kwa mwanafunzi wa Kasulu, kituo cha Kigoma mjini kiko umbali wa kilomita zipatazo 90. Wa Kibondo anasafiri zaidi ya kilomita 200. Ilikuwa safari ngumu, lakini mwanafunzi alirudi nyumbani na kitabu ambacho hakikuhitaji umeme wala vocha.

2. Mashine na nyaya

Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni bila kibali, na marufuku hiyo ilichukua miaka mingi kulegea. Kisha mambo yakaenda mbio. Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, mwaka 2010 ukafuata EASSy, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaanza kusambazwa kuelekea mikoani. Kabla ya hapo vyuo vilitegemea setilaiti, njia ya polepole na ya bei kubwa.

Nyaya peke yake hazifundishi, na hapo ndipo programu ya Moodle ilipoingia. Iliandikwa na Martin Dougiamas wa Australia na kutolewa mwaka 2002, tena bure, na ndiyo sababu vyuo vyetu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Huria vikiwemo, viliweza kuitumia. Mhadhiri hupakia somo humo, huweka kazi na tarehe ya mwisho, hufungua ukurasa wa majadiliano na kuandika alama. Mwanafunzi huingia kwa nywila yake, saa yoyote.

Umeme ulichelewa zaidi. Kwa miaka mingi Kigoma, Kasulu na Kibondo ziliendeshwa kwa majenereta ya dizeli, na mkoa ulianza kupata umeme wa gridi ya Taifa mwaka 2022. Yaani wakati vyuo vya Dar es Salaam vinahamisha masomo kwenda mtandaoni, mwanafunzi wa huku alikuwa bado anahesabu saa za jenereta.

3. Mzigo uliohama

Faida zitajwe kwanza, na zitajwe bila kusitasita. Mwaka 2010 Tume ya Vyuo Vikuu ilianzisha mfumo wa pamoja wa udahili, na ingawa utaratibu ulibadilika mwaka 2017 na waombaji wakaanza kuomba vyuoni moja kwa moja, kurudi kwenye foleni za karatasi hakukuwepo tena. Maombi ya mkopo wa elimu ya juu yanafanyika kwa mtandao. Ada inalipwa kwa simu kwa kutumia namba ya kumbukumbu ya malipo. Matokeo yanasomwa kwenye mfumo wa chuo. Zamani kijana wa Kibondo aliyetaka kujua kama amechaguliwa alipanda basi, pengine na treni. Reli ya Kati kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ina urefu wa kilomita zipatazo 1,250, na wapo waliosafiri njia hiyo yote ili kushughulikia fomu moja. Leo kijana huyo anakwenda stashenari.

Aliyenufaika zaidi pengine ni mwanamke. Mwalimu au muuguzi mwenye watoto wadogo, ambaye asingeweza kuacha nyumba miaka mitatu kwenda kukaa bwenini, sasa anasoma shahada bila kuhama kituo chake cha kazi. Jambo hilo peke yake lingetosha kuifanya teknolojia hii istahili kupiganiwa.

Sasa itazamwe gharama. Mfano wa karibu ni mwalimu wa shule ya msingi katika mojawapo ya vijiji vya milima hii, aliyejiandikisha kusoma shahada ya ualimu kwa njia huria. Somo la wiki limepakiwa. Nyumbani mtandao unakuja na kuondoka, kwa hiyo anapanda nyuma ya shamba la kahawa, mahali panapotazamana na mnara wa ng'ambo ya bonde. Anakwenda usiku, kwa kuwa bando la usiku ni nafuu na mtandao una watu wachache. Anabonyeza kupakua, anaiinua simu juu, anasubiri. Faili likikatika katikati, mara nyingi linaanza upya na bando limekwisha kulika. Likifika salama, Jumamosi anashuka mjini na flashi yake, anachapisha kurasa hamsini, analipia kila ukurasa, kisha anarudi kuzisoma kwa taa ya sola. Kioo cha simu ni kidogo mno kusomea sura nzima ya kitabu, na macho yaliyokwisha kusahihisha madaftari ya watoto tisini yanachoka mapema.

Katika simulizi hiyo mtandao umefanya kazi yake na somo limefika. Lakini zamani chuo kilichapa kitabu, kikakifunga na kukisafirisha. Leo kazi ya mchapaji, ya tarishi na ya mkutubi imeingia katika mfuko wa mwanafunzi mmoja, na hakuna mahali katika orodha ya ada ilipoandikwa. Mwanafunzi wa bweni aliyepata mkopo ana bumu lake la kujikimu, na chuoni ana mtandao wa bure. Huyu wa mlimani anakatwa kwenye mshahara uleule unaosomesha wadogo zake. Tena si kila nyumba ina simu janja ya kila mtu. Ikiwa moja, mara nyingi mwenye nayo ni baba, na mama anasubiri arudi.

4. Uzito wa somo

Kuna jambo ambalo wahadhiri wengi hawajazoea kulifikiria, nalo ni kwamba somo la mtandaoni lina uzito, na uzito huo unahesabika. Wasikilizaji wenye kalamu wanaweza kuhesabu pamoja. Mhadhara wa saa moja uliorekodiwa kwa sauti tupu, kwa kiwango cha kilobiti 32 kwa sekunde ambacho kinatosha kabisa kwa maneno ya mtu, unachukua megabaiti zipatazo 14. Mhadhara huohuo ukirekodiwa kwa picha ya kiwango cha chini tu, kilobiti 500 kwa sekunde, unafika megabaiti 225. Picha ikiwa nzuri zaidi, unazidi maradufu. Kurasa 60 zilizopigwa chapa moja kwa moja kwenye kompyuta hazifiki megabaiti moja zikiwa maandishi matupu. Kurasa hizohizo zikipigwa picha kutoka kwenye kitabu kwa mashine ya skana zinaweza kuzidi megabaiti 30.

Maana yake ni kwamba mhadhiri aliyeamua kuzungumza mbele ya kamera kwa saa nzima, uso wake ukiwa ndiyo picha pekee inayoonekana, amemfanya mwanafunzi wa Kibondo alipe mara kumi na sita ya gharama ya sauti ileile. Picha ina mahali pake. Upasuaji wa chura, ufungaji wa saketi, uchoraji wa ramani: hayo hayafundishiki kwa masikio. Lakini hata hayo yanahitaji dakika nne au tano zilizokatwa vizuri, na maelezo mengine yote yakabaki katika maandishi.

Hoja hii inaonekana ndogo, ya mafundi. Sivyo. Ni hoja ya haki. Ukubwa wa faili ndio mlango wa darasa. Ukiwa mkubwa kupita kiasi, mwanafunzi amefungiwa nje ingawa jina lake limo katika orodha ya waliodahiliwa. Mhadhiri akikuta kwamba wanafunzi ishirini hawakufungua somo, aangalie uzito wake kabla ya kuwaita wavivu.

Vilevile masomo yapangwe ili yasomeke bila mtandao. Programu ya Moodle yenyewe ina namna ya kutumika kwenye simu, mwanafunzi akapakua mara moja, akasoma na kujibu baadhi ya maswali nje ya mtandao, majibu yakatumwa atakapofika penye mnara. Uwezo huo upo tayari; unamtaka mhadhiri tu aandae somo kwa kuujali.

5. Mwalimu bado anahitajika

Machi 2020 ugonjwa wa UVIKO-19 ulipofika nchini, vyuo vikuu vilifungwa na havikufunguliwa hadi tarehe 1 Juni. Kwa vyuo vingi, miezi hiyo miwili na nusu ilikuwa ya ukimya. Mifumo ya mtandao ilikuwepo miaka mingi, nywila zilikwisha kugawiwa, na bado masomo hayakuendelea. Wanafunzi walirudi makwao bila kompyuta na bila bando, wakiwemo wa milima hii. Wahadhiri nao wengi walikuwa wameizoea Moodle kama kabati la kuwekea maandiko, hawajawahi kufundishia humo. Tukio hilo lilipima mambo kwa usahihi kuliko ripoti yoyote: kuwa na mfumo ni jambo moja, na kufundisha kwa mfumo ni ufundi mwingine unaojifunzwa.

Jirani zetu wa Kenya wanatoa funzo la kutia moyo, tena kutoka mahali pagumu kuliko hapa. Katika kambi za wakimbizi za Dadaab, kuanzia mwaka 2013, mradi uliovishirikisha Chuo Kikuu cha York cha Kanada pamoja na vyuo vikuu vya Kenyatta na Moi uliwasomesha walimu wa kambini hadi vyeti, stashahada na shahada. Somo lilipita mtandaoni, lakini kiliwekwa kituo cha kusomea chenye kompyuta, na walimu wakaja kufundisha ana kwa ana. Kwa wananchi walioishi jirani na kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta mfano huo hauhitaji maelezo marefu. Palipokuwa na chumba, umeme na mtu wa kuuliza, shahada zilipatikana hata kambini.

Huku kwetu nafasi ya kituo hicho imejazwa na grupu la WhatsApp. Humo madesa, yaani maandishi ya masomo wanayopeana wanafunzi, yanazunguka, tarehe za mitihani zinakumbushwa, na swali lililoulizwa saa nne usiku hujibiwa na mwenzako wa Kakonko kabla ya saa tano. Faida yake kubwa ni ya lugha. Mihadhara ya chuo kikuu iko kwa Kiingereza, na kwa wengi Kiingereza kizito cha nadharia hakiingii mara ya kwanza. Sauti iliyorekodiwa inaweza kurudiwa mara tatu, jambo ambalo ukumbi wa mihadhara hauruhusu. Kisha kwenye grupu mtu mmoja anaifafanua dhana kwa Kiswahili, mwingine anachomeka mfano kwa Kiha, na fundo linafunguka. Huo ni ufundishaji kamili. Hatari yake ni kwamba kosa la aliyeandika desa la kwanza husambaa kwa wote, na siku ya mtihani watu arobaini hukosa swali moja kwa namna moja. Mhadhiri au mkufunzi mmoja akiingia humo mara moja kwa juma, akasahihisha, hatari hiyo inapungua sana.

6. Akili mnemba

Tarehe 30 Novemba 2022 ilitolewa kwa umma programu ya akili mnemba ya ChatGPT, na tangu hapo kazi ya nyumbani haijawa ileile. Mwanafunzi anaweza kuandikiwa insha nzima kwa dakika moja. Vyuo vingi duniani vimejibu kwa programu za kunasa wizi wa maandishi, lakini programu hizo huweza kumwacha mkosaji na kumshika asiye na kosa.

Dawa iliyo karibu ni kubadilisha swali. Mwanafunzi wa kilimo asiulizwe aeleze magonjwa ya migomba. Aambiwe aende kwenye mashamba matano ya kata yake, ahesabu mashina yenye mnyauko, azungumze na wenye mashamba, aje na daftari lake la takwimu na alitetee kwa mdomo. Akili mnemba haikuwahi kukanyaga Muyama. Kwa matumizi mengine, kama kufafanuliwa aya ngumu ya Kiingereza kwa Kiswahili, chombo hiki kinaweza kuwa msaada wa kweli kwa msomaji wa peke yake, mradi ajue kwamba hutoa majibu ya uongo kwa sauti ileile ya uhakika inayotoa majibu ya kweli.

7. Yanayokuja

Elimu ya juu inasogea kuelekea Kigoma. Kupitia mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 425, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kinapata kampasi mkoani hapa. Kampasi hiyo itahitaji mihadhara inayopita kati ya Kigoma na Dar es Salaam kila siku. Inafaa njia hiyo isiishie kwenye kuta za kampasi. Muuguzi wa zahanati ya kijijini naye anahitaji kusikia mhadhara juu ya shinikizo la damu la wajawazito.

Mambo matatu yanaweza kuanza bila kusubiri mradi wowote. Halmashauri zinaweza kufungua vyumba vya kompyuta vya shule za sekondari kila jioni na Jumamosi kwa wanaosoma elimu ya juu, pakawepo mlinzi, umeme na mtu mmoja anayejua mfumo. Walimu waliopewa vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 wana tayari kioo kikubwa kuliko cha simu. Wafundishwe kupakua humo masomo yao ya shahada. Vyuo navyo vizungumze na kampuni za simu ili kurasa zao za masomo zifunguke bila kukata bando. Vikishindwa kupata hilo, basi vimwekee mwanafunzi wa mbali nakala zilizochapwa katika kituo cha mkoa, kama ilivyokuwa mwanzo.

Ombi la mwisho linawaendea wahadhiri, waliopo hapa na watakaousoma mhadhara huu ukiwa umechapwa. Kabla ya kupakia somo, walifungue kwanza kwenye simu ya bei ya chini, mahali penye mtandao hafifu, kwa bando walilonunua wenyewe. Lisipofunguka, walipunguze uzito, wajaribu tena.